Zamu Niliyompokea Mabula

Haya ninayoandika yalitokea. Sikuyaota wala sikuhadithiwa, na siku ile sikuwa nimekunywa, ingawa siku nyingine nyingi nilikunywa na nitazisema zikifika. Ukitaka kubisha, bisha, lakini soma kwanza mpaka mwisho. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukikuta neno limekaa upande, lisukume tu uendelee.

Jambo lingine. Wengi wakisimulia mambo ya namna hii wanakwambia ilikuwa usiku wa manane na mbwa wanalia. Yangu yalikuwa saa kumi alasiri, jua bado linachoma kichwa. Ndiyo maana hayajanitoka mpaka leo. Usiku mtu unaweza kusema macho yamekudanganya. Saa kumi alasiri utasema nini?

Mahali penyewe ni milimani, nyuma kabisa ya Buhongwa, ukiiacha barabara ya Shinyanga na kutembea kwa miguu mpaka jasho likukauke mwilini. Kijiji sikitaji, kwa sababu waliokuwepo bado wapo na wana wajukuu wanaosoma. Mlima nao siutaji. Ni mlima kama ile mingine ya Mwanza, mawe makubwa yamebebana mgongoni kama watoto, ila huu una msitu kwenye mkunjo wake, na ndani ya msitu kuna kijito. Kijito kidogo. Kiangazi unakiruka bila kukunja suruali. Kinatoka chini ya jiwe moja kule juu, kinashuka kwenye mizizi na majani yaliyooza, na katikati ya mlima watu wa kinu cha pamba, zamani kabla ya Uhuru, walikijengea tangi.

Tangi la zege, halina paa, limechimbiwa ubavuni mwa mlima, kina chake futi tisa. Kijito kinaingia kwa juu, bomba la chuma linatoka kwa chini na kushuka mpaka kwenye kinu kupoza injini. Njiani bomba hilo lilikuwa na tawi lake moja lililokwenda kijijini. Maji yanashuka yenyewe kwa mteremko, hakuna mashine. Kuna koki kubwa ya duara, kama usukani wa lori, imefungwa mnyororo na kufuli ili wachungaji wasiichezee. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miaka kumi na minne, kulinda tangi na kuzungusha koki.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mzee Mabula, Msukuma wa palepale, mrefu mpaka akipita msituni anainamia matawi ambayo mimi siyafikii hata kwa mkono. Mimi ni Mjita, nimetoka kwetu Majita nikiwa kijana nikaja Mwanza kutafuta kazi kama wengine. Jina langu pale kijijini hawakulitumia kabisa, waliniita Mjita tu, mpaka mke wangu akaanza kuniita hivyo akiwa amekasirika. Mabula alinifundisha kazi. Siku ya kwanza aliniona nimesimama ukingoni natazama maji, akasema, "Mjita, humo hakuna samaki. Usiyatazame hivyo, yataona aibu."

Alikuwa na utaratibu wake mmoja, na wewe usomaye uushike huu, kwa sababu ndio wenye kisa. Zamu zilibadilishana saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Anayetoka hashuki mlimani mpaka anayeingia amefika. Akifika, anayetoka anamtajia kipimo cha maji, alichopima kwa ufito wa mwanzi tuliouchonga alama, kisha anamkabidhi ufunguo wa kufuli mkononi. Anayeingia anasema, "Nimepokea, kapumzike." Asiposema hivyo, mwenzake haondoki, hata kama anaumwa. Mwanzoni nilicheka. Nilimwambia, mzee, kwani hili tangi litakwenda wapi? Akanijibu kwamba tangi haliendi popote, ila mtu anaweza kuondoka akadhani ameacha kazi kwa mwenzake kumbe ameiacha kwa mtu asiyekuwepo.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu afanye biashara atakavyo. Mimi sina ugomvi na ruksa, siku zile ndipo nilipovaa kiatu kipya kwa mara ya kwanza. Lakini wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka shambani, wakanunua pamba kwa wakulima moja kwa moja, ushirika ukabaki na kinu bila pamba. Kinu kikasimama msimu mmoja, kikasimama wa pili, tukawa tunaambiwa vumilieni. Halafu siku moja, saa sita mchana, akaja mtu na gari kutoka mjini, akasoma majina yetu barazani, akasema kazi imekwisha kuanzia leo.

Siku ile Mabula alikuwa juu mlimani, zamu ya mchana. Mimi nilikuwa niingie jioni.

Sikupanda. Sitafuti sababu. Wenzangu walikwenda kilabuni kunywa hasira zao nami nikaenda nao, tukanywa pombe ya mtama mpaka giza, nikalala hapohapo kwenye benchi. Asubuhi nikaamka, kichwa kinagonga, nikajiambia Mabula atakuwa amesikia. Nani angemwambia? Kule juu hapiti mtu. Siku hiyo nayo nikanywa.

Mabula alinisubiri siku mbili, mchana na usiku. Siku ya tatu mke wake, mama Minza, alipanda na kibakuli cha uji akamshusha. Mabula alinipita njiani akiwa ameshikwa mkono kama mgonjwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe ambao sikuwa nao, salamu yote mpaka mwisho kama Msukuma anavyosalimia. Neno la zamu hakusema. Na ufunguo hakunipa. Ungetegemea anitukane, sivyo? Hata mimi ningependa anitukane.

Baada ya pale mke wangu alirudi Majita na watoto. Alisema huku hakuna kazi, kule kuna ziwa na mihogo, kwa hiyo nivune kile kibustani changu kisha nimfuate. Nikamwambia nakuja. Mabula yeye alikohoa mwaka mzima, na mwaka wa pili akafa. Nilikuwa mmoja wa waliomvika. Mama Minza alilipiga pasi koti lake la kaki la kazini, pasi ya mkaa, akaukunja mstari wa mkono vizuri kabisa, akasema hana nguo nyingine inayomkaa. Nikagusa mfuko, nikasema, "Mayu, humu kuna ufunguo." Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Akasema, "Mwachie. Hakuna aliyekuja kuuchukua." Hakunitazama aliposema hivyo. Tukamzika nao.

Sasa ukaja ule ukame uliotangulia mvua za elinino. Waliokuwa wakubwa wanaukumbuka. Visima vyote vilikauka, wanawake wakawa wanatoka alfajiri kufuata maji ziwani na kurudi mchana, ndoo zimepungua nusu kwa kumwagika. Bomba la kijiji lilikuwa halijatoa tone tangu kinu kifungwe, watoto walikuwa wanaliendesha kama farasi. Basi asubuhi moja, saa kumi na mbili kamili, likatoa maji.

Niamini, sikuwa wa kwanza kuyaona, nilisikia vigelegele nikatoka. Yalikuwa maji baridi, yana harufu ya majani ya kule juu. Harufu hiyo naijua. Yalitoka mpaka saa tatu, yakakatika. Jioni saa kumi na mbili yakatoka tena. Kesho yake hivyohivyo. Siku tatu watu walikinga na kushukuru. Siku ya nne wakaanza kuuliza.

Nani anafungua koki? Sungusungu, walinzi wa kijiji, walipanda, vijana sita na kamanda wao, mtu mmoja mwenye sauti nzito anayeitwa Nkwabi. Walirudi wamenywea. Walisema mnyororo upo, kufuli limefungwa na lina kutu, tangi ni kavu na ndani yake kuna majani na mijusi. Na jioni ile bomba likatoa maji.

Wakaenda kwa mama Minza, kwa kuwa mumewe ndiye alikuwa mshika ufunguo. Wakamwuliza uko wapi. Yule mama, hajui kusema uongo, akajibu kama lilivyo, "Tulimzika nao."

Hapo ndipo alipojikata mwenyewe. Miaka ile Usukumani, labda wewe hukuwepo, bibi aliyeishi peke yake na macho mekundu hakuwa na usalama. Macho ya mama Minza yalikuwa mekundu, ya nani yasingekuwa? Alipikia mabua ya pamba na samadi miaka arobaini, kwenye kijumba kisicho na dirisha. Lakini watu walisema macho mekundu ni ya uchawi, na mchawi huweza kumfanya mtu msukule. Yaani mnamzika gogo, mtu mwenyewe mchawi amemficha, anamtumikisha. Nisikufiche, nimewahi kusaidia kumzika bibi aliyekatwa mapanga kwa maneno hayohayo, kijiji cha pili. Kwa hiyo niliposikia watu wanasema, "Basi kama ufunguo anao marehemu, anayefungua ni marehemu, na anayemtuma ni mkewe," nilijua mwisho wake.

Wakapanga kikao. Mganga ataletwa kutoka mbali ataje jina, na kila mtu alikuwa analijua jina kabla hajataja. Ilikuwa Jumamosi watu wakisemezana hayo. Kikao Jumapili baada ya ibada.

Ijumaa yake, kabla habari haijakolea, nilikuwa nimefunga mzigo niende Majita. Jumamosi asubuhi nikaufungua. Nikaenda kwa mama Minza nikamkuta anakata viazi vya kukausha, michembe, kama mtu mwenye mwaka mzima mbele yake.

"Ondoka, mayu," nikamwambia. "Ondoka leo."

"Niende wapi, Mjita? Ndugu zangu wote wako chini. Nikibisha hodi kaburini watanifungulia?"

"Hata mjini."

"Nikaombe barabarani na macho haya, wanipige mawe huko." Akaendelea kukata. Kisha akasema, "Wewe ulikuwepo tukimvika. Utasema?"

Ningesema nini? Nikisema ni kweli ufunguo uliingia kaburini, nimewapa kamba. Nikisema haukuingia, watautafuta nyumbani kwake wasiuone. Nilikaa pale kama gunia mpaka jua likapinda. Nikaondoka, na miguu yangu yenyewe ikashika njia ya mlimani. Sikuwa na mpango. Nilifikiri labda nitaona bomba limepasuka mahali, nitaona sababu ya kuwaonyesha.

Nilikuwa sijapanda tangu kinu kifungwe. Njia ilikuwa imekufa. Kijito kilikuwa hakipo, narudia, hakipo, nilitembea juu ya mawe yake makavu kama natembea kwenye ngazi. Msitu ule una upweke wa namna yake. Unasikia pumzi yako, unasikia jani likianguka, halafu unagundua kwamba hakuna mtu duniani anayejua uko wapi. Zamani upweke ule nilikuwa naupenda. Nilikuwa nalipwa kuukalia.

Nilipokaribia tangi nikasikia ufito wa mwanzi unagonga zege. Tok. Kimya. Tok. Ndivyo unavyosikika ukipima. Pimbi walikuwa wamekaa kwenye mawe juu ya tangi, kama ishirini, wote wametazama upande mmoja, hakuna aliyenikimbia.

Nikapanda ukingo. Tangi lilikuwa limejaa. Maji meusi, yametulia, mawingu yanaonekana ndani yake, na mbinguni siku ile hapakuwa na wingu. Kwenye ngazi za ndani alikuwa amesimama Mabula, maji yako kifuani, ameshika ufito.

Umewahi kuona mtu wako uliyemzika? Watu wanasema utakimbia. Hukimbii. Mimi jambo la kwanza lililonijia ni adabu. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Yeye, ambaye salamu yake ilikuwa inaanza kwako na kumalizikia kwa mbuzi wa jirani, hakuitikia. Akatazama ufito, akasema, "Futi saba na nusu."

Akaanza kupanda ngazi kutoka majini, na hapo ndipo niliporudi nyuma hatua moja, kwa sababu koti lilikuwa kavu. Alitoka kwenye maji ya kifua na koti kavu, na mkononi ule mstari wa pasi wa mama Minza umesimama vilevile. Akaja mpaka mbele yangu. Uso ulikuwa wake. Hakuwa ameoza wala hakuwa na macho ya moto, hayo ni ya wanaotunga. Alikuwa amechoka tu. Sijawahi kuona mtu amechoka vile.

"Umechelewa, Mjita," akasema.

"Nimechelewa."

"Nilikungoja."

"Najua, mzee. Nilikuwa nakunywa."

Hakukasirika. Alisubiri. Nami nikauliza tulichokuwa tunaulizana kila siku miaka yote ile. "Kijito kinaleta vizuri?"

"Kinaleta kidogo. Mdomo wa juu umezibwa na mizizi. Uitoe."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaunyoosha. Nikaelewa. Hakuna mchawi aliyekuwa anamtuma. Zamu yake ilikuwa haijakwisha, na aliyetakiwa kuimaliza ni mimi. Mkono niliuacha ubavuni kwanza. Ukipokea umepokea, huwezi kuuacha ufunguo ukutani ukaenda zako Majita. Nilimfikiria mke wangu. Nilimfikiria na mama Minza na kisu chake cha viazi. Nikanyoosha mkono.

"Nimepokea," nikasema. "Kapumzike."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la pamba. Akageuka akaufuata mkondo wa kijito kwenda juu, siyo chini kijijini, akainamia lile tawi ambalo alikuwa analiinamia siku zote, na nyuma ya tawi sikumwona tena. Pimbi wakaanza kulia wote kwa pamoja. Nilipotazama tangi lilikuwa kavu, majani na mijusi kama Nkwabi alivyosema. Mkononi nilikuwa na ufunguo, na tundu lake limeziba kwa udongo mwekundu.

Jioni ile bomba halikutoa maji. Watu wakasema mchawi amejua anatafutwa.

Jumapili nilikwenda kikaoni nimelowa jasho kabla sijafika. Mama Minza alikuwa amekalishwa kwenye kigoda katikati. Mganga alikuwa bado anafungua mkoba wake. Nikasimama nikasema, "Msihangaike. Anayefungua maji ni mimi." Nikautoa ufunguo, nikaurusha chini, ukalia kwenye jiwe.

Nkwabi akauokota. "Huyu mama anasema ulizikwa."

"Zilikuwa mbili. Mmoja wake, mmoja wangu. Tulikuwa wawili kazini, umesahau?"

"Tangi kavu. Nimeliona kwa macho yangu."

"Ulipanda mchana. Mimi nakinga usiku, nafungulia asubuhi, linaisha. Nakinga alasiri, nafungulia jioni. Ulipofika wewe nilikuwa nimeshamaliza ya asubuhi, au ulitaka yakusubiri?"

"Na kwa nini ufiche?"

"Mali ya ushirika ile. Nilifukuzwa kazi, nikikutwa nachezea koki si nitafungwa?"

Bibi mmoja akasema kutoka nyuma, "Wajita bwana. Hata maji wanayatega kwa siri, kama samaki." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa mama Minza kuliko maneno yangu yote. Watu wakishacheka ni vigumu kuwarudisha kwenye panga.

Lakini Nkwabi hakucheka. Alinirudishia ufunguo akasema, "Kesho saa kumi na mbili tutakuwa bombani. Yasipotoka, mganga hatarudi kwao mpaka ameshughulikia wawili."

Sasa sikia. Nilikuwa nimepokea zamu ya tangi kavu. Nilikwenda na jembe na panga mpaka kule juu kabisa, kwenye jiwe ambalo kijito kinatokea, nikaukuta mdomo wake umezibwa na mizizi ya mkuyu, nene kama mkono, imesukana kama mkeka. Nilikata mpaka viganja vikachanika. Hakuna muujiza uliokuja. Nilimwita Mabula mara mbili, sioni haya kusema, hakuitika. Kulipokaribia kucha maji yakaanza kuchuruzika, unene wa kidole gumba, nikayafuata kwa mikono nikiyasafishia njia mpaka tangini kama mtu anayemshusha ng'ombe mbishi. Saa kumi na mbili nikafungua kufuli, nikazungusha koki, nikakaa chini kwenye majani. Nilikuwa sijui kama yatafika au yatanyonywa na bomba kavu.

Yalifika. Ndoo nane, nilikuja kuambiwa. Ndoo nane tu, na za kwanza zilikuwa na kutu kama chai. Zilitosha. Mganga alirudi kwao.

Ndiyo hivyo nilivyobaki. Nilikuwa nimewaambia mimi ndiye nafungua, basi ilinibidi nifungue. Kesho yake, na kesho yake, asubuhi na jioni, peke yangu, mpaka mvua za elinino zikaja. Watu walipokuwa na visima tena nikasema sasa nishuke, nikashindwa. Kumpokeza nani? Kila aliyenisikia alicheka akasema lile tangi halina mwenyewe. Mke wangu alituma barua mbili. Ya tatu aliandika kaka yake, kwamba nisihangaike kuja, amekwisha kupata mtu wa kumsaidia shamba. Mama yangu mzazi alizikwa huko sikuwepo. Nimekaa mlimani pale miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu, na wewe ukipita ukaona mzee amekaa ukingoni mwa tangi lililopasuka, na ufunguo kiunoni, usiogope, mimi bado niko hai.

Mama Minza alikuja kwangu wiki moja baada ya kikao. Aliniletea michembe kwenye ungo, akaketi mlangoni. Yeye alijua ufunguo ulikuwa mmoja.

"Ulimwona," akasema.

"Nilimwona, mayu."

"Alikuwa amevaa lile koti?"

"Lile. Mstari haujaharibika."

Akaitikia kwa kichwa, nikaona amefurahi kidogo kwa ajili ya pasi yake. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Aliniulizia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mtu aliyekidanganya kijiji kizima angeshindwaje neno moja? Lakini alikuwa ananitazama na yale macho yake mekundu, na mimi uongo wangu wote ulikuwa umeishia kikaoni. Nikasema, "Hapana. Tuliongea habari za maji."

"Maji," akasema. Akacheka kidogo puani. "Alikuwa hivyohivyo. Akishika ufito hana mke."

Aliishi miaka tisa mingine. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, hakuna mtu aliyemgusa, na katika maisha yangu hilo ndilo jambo moja ninaloweza kulitaja bila kuinamisha uso. Lakini kila jioni aliyopita njia ile, na alikuwa anapita hata akiwa hana shida ya kuni, alisimama kwenye kona ya msitu akatazama juu kama nusu saa. Hakuthubutu kupanda. Nami sikuthubutu kumwambia kwamba hayupo tena kule, kwamba nilimruhusu aende.

Basi nakuonya wewe, kwa kuwa siku moja na wewe utakutana na mtu wako, njiani au shambani, mchana kweupe. Usimkimbie na usimpigie kelele. Kama ana zamu mkononi, ipokee, ila ujue hutaitua. Na kabla hujamwambia akapumzike, shikilia ulimi wako kidogo. Mwulize ana salamu gani kwa waliobaki nyumbani. Neno lolote, hata la kipuuzi, uliweke mfukoni ushuke nalo. Mimi nilikuwa naye uso kwa uso, alinisubiri miaka yote ile, na nilimwuliza habari za kijito.